"Kubali Matokeo Tuendelee": Sentensi Inayozua Ugomvi Baada ya Kila Kura ya Maamuzi

Uzi. Tafuta chai kwanza, huu ni mrefu kidogo.

Kila mjadala wa kura ya maamuzi ukirudi hapa Kenya, na hurudi kila baada ya miaka michache, kuna sentensi moja ambayo haikosi: "Wananchi wameamua, kubali matokeo tuendelee." Huwa inasemwa na aliyeshinda. Aliyeshindwa naye ana yake: "Watu walidanganywa, turudie." Geuza matokeo uone. Watu ni wale wale, wamebadilishana tu maneno, na hakuna anayeona aibu.

Leo nataka tuifungue hiyo sentensi ya "kubali matokeo", manake ndani yake kuna vitu vitatu vilivyofungwa pamoja. Kuna kukubali hesabu, yaani kura zilihesabiwa sawa na namba ni hizo. Kuna kukubali uamuzi utekelezwe hata kama umekuuma. Halafu kuna kukubali kwamba wenzako walioshinda walikuwa na hoja nzuri kukuliko. Mtu anaweza kukubali viwili vya kwanza, akatae hicho cha tatu mpaka azikwe, na bado hajavunja sheria yoyote. Shida ni kwamba mshindi akisema "kubali" huwa anavidai vyote vitatu kwa mpigo.

Twende Uingereza kidogo. Sio kwamba wao ni wazuri kutuliko kwa haya mambo. Ni kwamba ugomvi wao ulidumu sana na kila hatua iko kwenye rekodi.

Tarehe 23 Juni 2016 waliulizwa: nchi ibaki ndani ya Umoja wa Ulaya ama itoke? Kutoka ilipata asilimia 51.9, kura milioni 17.4. Kubaki ikapata asilimia 48.1, kura milioni 16.1. Waliojitokeza walikuwa asilimia 72.2.

Sasa sikiza. Ugomvi uliofuata haukuwa wa kura kuibwa. Hapakuwa na "fungua seva". Asubuhi yake Waziri Mkuu, aliyekuwa mrengo wa Kubaki, alitangaza kwamba ataondoka kazini. Hesabu ilikubalika siku ya kwanza. Na bado nchi hiyo ilizozana miaka mitatu na nusu, ikapitia chaguzi kuu mbili, na mawaziri wakuu watatu walishika hicho kiti kabla nchi haijatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020.

Kwa hivyo kama unaamini dawa ya ugomvi wa aina hii ni kuhesabu kura vizuri tu, hapo pana jambo la kufikiria.

Kuna kisa kimoja cha huko ambacho nakipenda sana. Matokeo yalipotoka, watu zaidi ya milioni nne walitia sahihi ombi kwa bunge wakitaka kura irudiwe, kwa sababu mshindi hakufika asilimia 60 na waliojitokeza hawakufika asilimia 75. Wengi walidhani ni njama ya mrengo wa Kubaki. Kumbe lile ombi lilianzishwa mwezi mmoja kabla ya kura, na aliyelianzisha alikuwa mtu wa mrengo wa Kutoka! Aliogopa kwamba watashindwa, akataka kuweka mlango wa nyuma. Upande wake uliposhinda, mlango huo ukaingiwa na wapinzani wake.

Na si yeye pekee. Mmoja wa vinara wa mrengo wa Kutoka alikuwa amesema hadharani, wiki chache kabla ya kura, kwamba Kubaki wakishinda kwa 52 dhidi ya 48, hiyo kazi itakuwa haijaisha. Matokeo yakaja 52 kwa 48 kweli, lakini kwa faida yake. Ghafla kazi ikawa imeisha.

Sisemi haya kumcheka. Nasema kwa sababu kiwango cha ushindi kinafaa kuwekwa kabla ya mechi. Sheria yao ya 2015 iliyoruhusu hiyo kura haikuweka kiwango chochote zaidi ya wingi wa kawaida. Ukitaka asilimia 60, ipiganie mapema, wakati hakuna anayejua itamfaa nani. Baada ya matokeo umechelewa, na wenzako wana haki ya kukukatalia.

Haya, hapa pana jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tunaweza kulielewa haraka kuliko Waingereza wenyewe. Sisi tuna majina mawili. Wengine husema "kura ya maoni", wengine "kura ya maamuzi". Tunayachanganya kwa magazeti na redio kana kwamba ni kitu kimoja. Sio kitu kimoja. Maoni ni ushauri. Maamuzi ni amri.

Kisheria, kura ya Uingereza ilikuwa ya maoni. Hakuna kifungu kilichosema bunge lazima litekeleze. Lakini kisiasa iliuzwa kama ya maamuzi: serikali yenyewe ilituma kijitabu kwa kila nyumba kikiahidi kwamba watakachoamua wananchi kitatekelezwa. Kwa hivyo aliyeshindwa akasema "huu ulikuwa ushauri tu", na aliyeshinda akasema "mliniahidi". Wote wawili walikuwa na karatasi mkononi. Mimi hapo nasimama na yule wa ahadi. Huwezi kumwambia mtu apange foleni kwa sababu sauti yake ndiyo ya mwisho, halafu ukaenda kumfungulia kitabu cha sheria baadaye.

Lakini ahadi ilikuwa ya kufanya nini hasa? Hapa ndipo mambo yaliharibika.

Karatasi ya kura ilikuwa na chaguo mbili: kubaki, kutoka. Kubaki kulijulikana, ni maisha ya jana na juzi. Kutoka kulikuwa na milango mingi. Unaweza kutoka ukabaki ndani ya soko la pamoja, kama Norway. Unaweza kutoka ukabaki kwenye ushuru wa pamoja wa forodha. Unaweza kutoka kabisa na mkataba wa kawaida wa biashara. Unaweza kutoka bila mkataba wowote, liwalo na liwe. Watu milioni 17.4 walipigia kura neno moja, na ndani ya hilo neno kila mtu alikuwa na picha yake. Mwenye hasira na uhamiaji alikuwa na yake. Mvuvi alikuwa na yake. Mfanyabiashara aliyechoka na kanuni za Brussels alikuwa na yake.

Ndiyo maana bunge lao lilikwama. Mkataba wa serikali ulikataliwa mara tatu mwaka wa 2019, mara ya kwanza kwa kura 432 dhidi ya 202. Na wabunge wa mrengo wa Kutoka walikuwa miongoni mwa walioupinga, kwa kuwa haukuwa ule utokaji waliouota. Machi 27 mwaka huo wabunge wakawekewa mapendekezo manane tofauti usiku mmoja, wachague. Hakuna hata moja lililopata wingi. Manane yote chini.

Sasa kwa hali hiyo, ukimwambia mtu "kubali matokeo", anayo haki ya kukuuliza: yapi? Hilo si swali la mtu mkaidi.

Lakini pia kulikuwa na wakaidi, tuseme ukweli. Kati ya waliodai kura ya pili kuna waliotaka kwa dhati kuuliza wananchi kama mkataba uliopatikana ndio walioutaka. Hiyo ni hoja, na ni nzito. Kuna wengine waliotaka tu kurudia mpaka jibu litoke lile wanalolipenda. Tofauti kati yao ungeipima kwa swali moja: "Kura ya pili ikirudisha Kutoka, utanyamaza?" Waliojibu ndiyo kwa sauti hawakuwa wengi.

Upande wa pili nao ulikuwa na makosa mabaya zaidi, kwa maoni yangu. Novemba 2016 mahakama kuu ilisema serikali haiwezi kuanzisha utaratibu wa kutoka bila idhini ya bunge. Majaji watatu hao hawakufuta kura. Walisema tu ni nani mwenye mamlaka ya kuitekeleza. Kesho yake gazeti moja kubwa likaweka picha zao ukurasa wa kwanza na kuwaita maadui wa wananchi. Januari 2017 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo, majaji 8 kwa 3. Bunge likapiga kura, likapitisha, na Machi 29 barua ya kutoka ikapelekwa Brussels. Yaani ile kesi iliyoitwa usaliti haikuzuia chochote. Iliifanya kura itekelezwe kwa njia halali.

Mtu akienda kortini baada ya kura ya maamuzi hajakataa matokeo. Sisi tunapaswa kulijua hili vizuri, maana tumeishi nalo.

Kuhusu madai kwamba watu walidanganywa: ndiyo, uongo ulikuwepo, na tume yao ya uchaguzi ilipiga kundi rasmi la kampeni ya Kutoka faini ya pauni 61,000 mwaka wa 2018 kwa kuvunja kanuni za matumizi. Hilo si jambo dogo. Lakini kuna hatari kubwa ukilifanya sababu ya kufuta kura za watu milioni 17. Niambie kampeni gani duniani imewahi kuwa safi. Na ukimwambia mpigakura mzima "wewe ulidanganywa", anachosikia ni "wewe ni mjinga", na hapo umempoteza milele.

(Kando kidogo, kwa wanaouliza hii inatuhusu vipi: Wakenya waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali waliruhusiwa kupiga kura hiyo, kwa sababu sisi ni Jumuiya ya Madola. Mpolandi ama Mfaransa aliyeishi London miaka ishirini hakuruhusiwa kama hana uraia. Na Desemba 2020 ilibidi Kenya isaini mkataba mpya wa biashara na Uingereza, ili maua na mboga zetu zisianze kutozwa ushuru pindi Uingereza ikitoka kwenye mipango ya Ulaya. Kwa hivyo ndiyo, ule mjadala uliingia mpaka Naivasha.)

Jambo lingine ambalo watu wengi hapa hawakulifuatilia ni ramani. England na Wales zilisema tutoke. Scotland ilisema tubaki kwa asilimia 62. Ireland Kaskazini nayo ikasema tubaki, kwa asilimia 55.8, na ndiyo sehemu yenye mpaka wa ardhi na nchi ya Ulaya, kama kilomita 500 hivi. Mskoti akiambiwa "wananchi wameamua" anauliza, wananchi wa wapi? Jibu la kisheria lipo: kura ilikuwa ya nchi nzima, hesabu ni moja. Ni jibu sahihi. Pia ni jibu ambalo halimtulizi mtu yeyote Edinburgh.

Sasa rudi nyumbani.

Novemba 21, 2005. Ndizi na Chungwa. Vijana waliozaliwa juzi, ulizeni wazazi wenu. Ndizi ilikuwa Ndiyo, Chungwa ilikuwa Hapana. Rasimu ya Katiba iliyotoka Bomas mwaka wa 2004 ilikuwa imefanyiwa marekebisho baadaye, na ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mamlaka ya rais. Chungwa ilishinda kwa takriban asilimia 58.

Serikali ndiyo iliyoshindwa. Na rais akafanya kitu ambacho hatukizungumzii vya kutosha: alienda kwa televisheni akakubali. Hakukuwa na kesi ya kupinga hesabu, hakukuwa na tume kufichwa mahali. Rasimu ikafa siku hiyo.

Ukiishia hapo utasema Kenya ilifaulu mtihani. Lakini angalia siku zilizofuata. Siku mbili baada ya kura, Baraza zima la Mawaziri likavunjwa. Lilipoundwa jipya Desemba, mawaziri waliopigia Chungwa kampeni walikuwa nje. Nao upande wa Chungwa haukuridhika na kuzika rasimu. Ulidai uchaguzi mpya, kwamba wananchi wameikataa serikali yenyewe.

Unaona? Swali kwa karatasi lilikuwa: unaikubali Katiba hii? Mshindi akasoma jibu kama: serikali hii haitakiwi. Aliyeshindwa akalisoma kama: kuna wasaliti ndani ya nyumba yangu. Hesabu ilikubaliwa na kila mtu. Maana yake haikukubaliwa na yeyote. Ile mirengo miwili ya matunda ndiyo iliyoingia kwenye uchaguzi wa 2007, na tunajua yaliyofuata, zaidi ya watu 1,100 wakauawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Siwezi kusema kura ya 2005 ndiyo iliyoleta 2007. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na ukabila wa miaka mingi, kulikuwa na matokeo ya urais yenyewe. Lakini mistari ilichorwa 2005, na hakuna aliyejisumbua kuifuta.

Halafu linganisha na 2010.

Agosti 4, kijani na nyekundu. Ndiyo zaidi ya milioni 6, Hapana karibu milioni 2.8. Kampeni ilikuwa kali: mahakama za Kadhi, kifungu cha utoaji mimba, ardhi. Makanisa mengi yalikuwa nyekundu. Mkoa wa Bonde la Ufa, uliokuwa umeumia zaidi 2008, ulisema Hapana, na ndio mkoa pekee ambao Hapana ilishinda. Watu walikuwa na hofu ya kweli. Kuna familia zilizohama kabla ya siku ya kura.

Siku iliyofuata viongozi wa nyekundu walikubali kushindwa. Agosti 27 Katiba ikatangazwa rasmi Uhuru Park.

Kwa nini 2010 ilitulia? Wengine watasema ni kwa sababu pengo lilikuwa kubwa. Ni kweli, lilisaidia. Lakini 2005 pengo halikuwa dogo pia. Mimi naona vitu viwili vingine. Maandishi yalikuwepo: rasimu ilichapishwa Mei 6, ikagawanywa, mtu akabishana nayo kifungu kwa kifungu miezi mitatu. Aliyepiga kura ya Ndiyo alijua, ama angeweza kujua, anapigia nini. Hakuna aliyekuja Septemba kusema "Katiba niliyoiwazia si hii". Na kiwango kiliwekwa mapema kwa sheria: zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 kwenye mikoa mitano kati ya minane. Huyo Mskoti wetu, yaani mtu wa mkoa ulioshindwa, angalau alihesabiwa kwenye kanuni.

Na walioshindwa walipata nini? Walipata nafasi ya kuendelea. Kinara mmoja wa Hapana aligombea chini ya Katiba ile ile aliyoipinga, akaapa kuilinda mwaka wa 2013 kama naibu rais, akaapa tena 2022 kama rais. Wako wanaouona huo kuwa unafiki. Mimi sioni hivyo. Kupinga rasimu halafu kuitii ikiwa sheria ndiyo kazi tunayomtaka aliyeshindwa aifanye. Ukitaka kumlaumu, mlaumu kwa jinsi anavyoitii leo, si kwa rangi ya 2010.

Hata Waingereza wana mfano wa subira. Waliwahi kupigia kura suala hili hili tarehe 5 Juni 1975, na asilimia 67 wakasema tubaki. Walioshindwa wakatii. Hawakunyamaza. Waliongea miaka 41 mpaka wakapata kura nyingine. Ukifuata kanuni ya "wananchi wameamua, nyamaza", basi 2016 haingekuwepo kabisa.

Tumalizie na sheria ya sasa, kwa sababu kura nyingine itakuja tu. Katiba yetu, kifungu cha 255, inasema mabadiliko makubwa, kwa mfano muhula wa rais, Sheria ya Haki, ugatuzi, lazima yaende kwa wananchi. Ili yapite, angalau asilimia 20 ya wapigakura waliosajiliwa katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti wajitokeze, na wingi wa kawaida wa waliopiga kura kote nchini uunge mkono. Wingi wa kawaida. Yaani sisi pia tunaweza kuamka na 51.9 kwa 48.1. Na tofauti na 2010, ile asilimia 20 ni ya kujitokeza tu. Kaunti nzima inaweza kukataa na bado ikasaidia kutimiza hicho kiwango.

Na lile swali la Waingereza, la mambo mengi kufungwa ndani ya neno moja, tumeshaligusa. Mpango wa BBI ulikuwa na mapendekezo zaidi ya 70 kwa mswada mmoja. Mei 2021 Mahakama Kuu ilisema mapendekezo yanafaa kuulizwa kila moja kivyake, usimlazimishe mtu kumeza asichokitaka ili apate anachokitaka. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Machi 31, 2022, mpango wenyewe ukazimwa kwa sababu nyingine. Lakini juu ya hili la swali moja ama maswali mengi, majaji wengi wakasema wakati wa kuliamua haujafika, na wakaliacha hapo.